Kurudi kwenye kwilti baada ya matibabu ya saratani: uchambuzi wa kisa kimoja

Usuli

Mhusika ni mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mkazi wa mji mmoja wa nyanda za baridi nchini Tanzania. Mji, hospitali na mambo mengine yanayoweza kumtambulisha yameondolewa. Hapa anaitwa Bi M. Kwa miaka mingi alishona kwilti kwa kujifurahisha, yaani mablanketi ya viraka vya vitenge yenye tabaka tatu: uso wa viraka juu, blanketi jembamba katikati na bitana chini. Hakuwa akiuza. Alishonea wajukuu na maharusi wa ukoo wake, kwa cherehani ya miguu aina ya Butterfly.

Saratani ya titi ilimsimamisha. Titi la kushoto liliondolewa pamoja na tezi za kwapani, kisha akapewa kemo (tiba ya dawa za saratani) iliyokuwa na dawa ya paclitaxel, kisha mionzi. Alipomaliza matibabu alibaki na mambo matatu yanayomhusu mshonaji moja kwa moja.

La kwanza ni mkono wa kushoto. Tezi za kwapani ni njia ya maji ya limfu kutoka mkononi. Zikiondolewa, na eneo hilo likapigwa mionzi, maji huweza kukwama na mkono kuvimba, wakati mwingine miezi au hata miaka baada ya upasuaji. Mkono wa namna hiyo pia hushikwa haraka na maambukizi ya ngozi, hata kwa tundu dogo la sindano.

La pili ni ganzi. Paclitaxel huumiza neva, na zinazoanza kuumia ni zile ndefu zinazofika kwenye ncha za vidole vya mikono na miguu. Bi M. aliweza kuushika uzi, lakini bila kuutazama hakujua kama bado anao mkononi. Nyayo zake nazo zilikuwa kama zimevaa soksi nene wakati wote.

La tatu ni uchovu usioisha kwa kulala, ukiambatana na bega la kushoto lililokaza na kichwa kinachopoteza mpangilio wa kazi katikati ya kazi.

Jaribio la kwanza

Miezi saba baada ya mionzi alifungua mfuko wenye kwilti aliyoiacha alipougua. Ilikuwa ya kitanda kikubwa, inchi 90 kwa 100. Uso ulikuwa umekamilika, tabaka tatu zimeshapigwa bandi (mishono mirefu ya muda, pamoja na pini za kuzishika), imebaki mishono ya kuzishikiza na kupiga pindo. Kwa hesabu yake, sehemu ngumu ilikuwa imekwisha.

Kwa mkono wake wa sasa, mambo yalikuwa kinyume. Kwilti ya ukubwa huo ina uzito wa karibu kilo 3, na anayeshikiza tabaka kwa cherehani huviringisha upande mmoja, akaupitisha chini ya mkono wa cherehani, huku mkono wa kushoto ukivuta na kuinua upande mwingine ili usining'inie mezani. Kiwiko hukaa juu na bega hubana. Sindano inaposhona inchi chache, mkono umeshavuta mzigo mara kadhaa.

Alishona jioni tatu mfululizo, kila jioni kwa muda wa karibu saa mbili. Miguu haikuhisi pedali vizuri, kwa hiyo cherehani ilikimbia alipotaka iende taratibu, na gurudumu likageuka nyuma mara kwa mara hadi uzi ukakatika. Jioni ya pili aliona vidoa vyekundu vitano kwenye bitana nyeupe, vimepangana kama nukta. Aligeuza kiganja na kukuta kidole cha shahada cha kushoto kimechomwa na pini za bandi. Hakuwa amehisi hata moja.

Asubuhi baada ya jioni ya tatu bangili ya mkono wa kushoto haikuvuka kifundo. Kliniki walipima na kukuta mkono huo umezidi wa kulia kwa sentimita 2.5, chini kidogo ya kiwiko. Hakukuwa na joto wala wekundu, kwa hiyo hakukuwa na maambukizi. Alipewa soksi ya mkono ya kubana, mazoezi, na wiki sita za kutogusa cherehani. Kwilti ilirudishwa mfukoni, na mfuko akapewa binti wa kaka yake auweke mbali.

Uamuzi: kubadili kazi yenyewe

Ushauri aliopewa na karibu kila mtu ulikuwa mmoja: shona kidogo kidogo. Ni ushauri mzuri kwa mambo mengi, ila kwa kwilti kubwa haufanyi kazi. Hata ukishona dakika kumi tu, unabeba kwilti nzima. Dakika zinapungua, uzito haupungui.

Baada ya wiki sita, Bi M. na mwenzake wa siku nyingi katika ushonaji walikaa na karatasi wakaandika kila hatua ya kazi, kuanzia kufua kitenge hadi kupiga pindo. Mbele ya kila hatua waliandika kiungo kinachobeba kazi hiyo. Mtaalamu wa tiba ya viungo aliipitia orodha na kuweka alama kwenye hatua nne: kukata, kukanyaga pedali, kushikiza tabaka, na kushona kwa sindano ya mkono. Nyingine alimruhusu aendelee nazo, akisisitiza kwamba mkono usiachwe kabisa bila kazi, kwa kuwa kazi inayoongezwa polepole huusaidia kurudi katika hali yake.

Uamuzi mkubwa ukawa kwamba hakuna wakati wowote katika kazi nzima, isipokuwa mwishoni kabisa, ambapo mkono wa kushoto utashika zaidi ya pande moja dogo. Walichagua kwilti ya mtoto mchanga, takribani inchi 36 kwa 48, ya mapande 12. Kila pande lingekamilishwa peke yake, tabaka zote tatu zikiwa zimeshikizwa, ndipo yaunganishwe.

Muda ulipangwa kwa saa ya simu: dakika 15, kisha saa nzima ya kupumzika, kisha dakika 15 nyingine, siku tatu kwa wiki. Sharti lilikuwa kuacha saa inapolia, hata kama mshono uko katikati. Mkono wenye ganzi hautoi taarifa kwa wakati. Maumivu yanapofika, madhara yameshafika.

Kila Jumapili asubuhi, kabla ya kazi yoyote, mikono yote miwili ilipimwa kwa futi ya fundi katika sehemu nne: kiganjani, kwenye kifundo, sentimita 10 chini ya kiwiko na sentimita 10 juu yake. Vipimo vya siku ya kwanza ndivyo vilivyokuwa msingi. Hili lina maana, kwa sababu mtu anayetumia mkono wa kulia mara nyingi mkono huo huwa mnene kidogo tangu awali, na kulinganisha mikono bila kipimo cha mwanzo hupotosha. Tofauti na vipimo hivyo vya mwanzo ikikaribia sentimita 2, aache na kwenda kliniki. Wekundu, joto au homa, aende siku hiyo hiyo.

Vitenge na kukata

Vipande vilitoka kwenye mabaki ya miaka mingi. Vilifuliwa vyote kwanza, kwa sababu wanga wa kiwandani hufanya kitenge kipya kionekane kimenyooka, kisha kikifuliwa kinaruka na kuvuta mshono. Vipande vilivyotiliwa shaka vilijaribiwa kwa kuchoma uzi mmoja: pamba huungua kwa harufu ya karatasi na kuacha majivu, polista huyeyuka na kuacha kidonge kigumu cheusi. Vya polista viliwekwa kando, maana huteleza chini ya sindano na huyeyuka kwenye pasi ya moto.

Mkasi mzito na vidole vyenye ganzi haviendi pamoja, kwa hiyo kazi ya kukata alipewa fundi jirani. Kipimo kilikuwa rahisi: kanda za upana wa inchi 4½. Kitenge cha upana wa inchi 44 kinatoa miraba 9 ya inchi 4½ kwa ukanda mmoja, na pande moja linahitaji miraba 9 hasa. Kwa mapande 12 ni miraba 108, sawa na yadi moja na nusu ya kitambaa kwa jumla.

Kundi la kwanza liliharibika. Fundi alikunja kitambaa tabaka nane kama anavyofanya kwa sare za shule, na tabaka za chini ziliteleza. Miraba ilitofautiana hadi robo inchi. Kwenye gauni robo inchi haionekani. Kwenye kwilti yenye mishono ya robo inchi, tofauti hiyo inamaliza mshono mzima. Marekebisho yalikuwa mawili: kitambaa kipigwe pasi kwa wanga na kikunjwe tabaka nne tu, na kipimo kiwe kipande cha plaiwudi cha inchi 4½ badala ya kadibodi, ambayo hulika pembeni kila chaki inapopita.

Cherehani

Walifikiria kufunga mota, wakaachana nayo. Mota nayo inaongozwa na pedali isiyohisiwa na mguu, na haipunguzi kasi yenyewe. Walichofanya ni kugeuza Butterfly iwe cherehani ya mkono. Mkanda uliondolewa, kishikio cha kuzungushia kikafungwa kwa skrubu nyuma ya gurudumu. Kabla ya kununua kishikio ni muhimu kuhakikisha gurudumu lina njiti na mwili wa cherehani una tundu la skrubu. Vishikio vingi havishiki gurudumu bapa.

Kishikio kilitatua tatizo la kasi palepale. Mshono wa inchi 4½ unahitaji mizunguko michache, na mkono ukisimama, sindano inasimama. Mkono wa kushoto ulibaki na kazi nyepesi ya kuongoza kitambaa, lakini vidole visivyohisi havikuruhusiwa kukaribia sindano. Kitambaa kiliongozwa kwa kijiti cha mshikaki kilichosuguliwa ncha, kikishikwa kama kalamu.

Robo inchi ya mshono iliwekewa ukuta: tabaka tano za plasta zilizobandikwa kwenye bamba la cherehani, robo inchi kulia kwa sindano. Makali ya kitambaa yanaegemea hapo na jicho halihitaji kukisia. Sindano namba 14 ilitumika kuunga viraka, mishono 12 kwa inchi. Namba 16 kwa tabaka tatu, mishono 8 kwa inchi. Bobini nne zilijazwa uzi kila Jumapili na binti wa kaka yake, ili Bi M. asihangaike nazo katikati ya dakika zake 15.

Pasi ilizua mjadala. Mkono wenye ganzi unaweza kuungua bila kujua, na jeraha la moto kwenye mkono wa kushoto ni mlango wa maambukizi. Kwa hiyo mishono ya ndani ililazwa kwa mwiko wa mbao, ukisuguliwa juu ya meza, na pasi ya umeme ilitumika mara moja tu kwa kila pande, kwa mkono wa kulia, wa kushoto ukiwa mapajani.

Kushikiza na kuunganisha mapande

Kila pande la viraka lilitoka inchi 12½. Blanketi la katikati na bitana vilikatwa inchi 13, ili vibaki na ziada pembeni. Kwa katikati walichagua blanketi jepesi la manyoya ya polista badala ya pamba, kwa sababu ya uzito. Badala ya bandi, tabaka zilishikwa na pini tano za kufunga: nne karibu na kona na moja katikati. Pini ya kufunga ikishafungwa haina ncha ya kuchoma.

Mishono ya kushikiza ilipita kona hadi kona, kwanza ile ya katikati, kisha nyingine kuelekea pembeni, hakuna uliozidi inchi 18. Cherehani ya kawaida husukuma tabaka ya juu polepole kuliko ya chini, na kwenye kwilti kubwa hapo ndipo mikunjo ya bitana huanzia. Kwenye mshono mfupi hivyo, kulegeza kidogo skrubu ya kubana kitambaa kulitosha. Baada ya kushikizwa, kila pande lilikatwa upya kuwa inchi 12 kamili.

Kuunganisha kulifanywa kwa kanda mbili. Ya mbele hukatwa inchi 1⅛. Ya nyuma hukatwa inchi 1¾ na kukunjwa katikati kwa urefu. Zote mbili hushonwa pamoja kwenye pande la kwanza kwa robo inchi, ya mbele ikiwa juu ya uso na ya nyuma chini ya bitana. Kisha upande wa pili wa ukanda wa mbele hushonwa kwenye pande la pili. Mwisho ukanda wa nyuma hulazwa kufunika mshono na kushikizwa kwa sindano ya mkono.

Hapa pia palikwama. Ukanda wa nyuma wa inchi 1¾ ukikunjwa na kutolewa robo inchi ya mshono unabaki na inchi ⅝, ambayo ndiyo upana hasa wa pengo. Mshonaji mwenye vidole vyepesi anauvuta ukafika, lakini Bi M. alikosa mshono mara tatu katika mstari mmoja. Waliongeza ukanda wa nyuma uwe inchi 2. Sasa ulivuka mshono kwa inchi ⅛, na ukaweza kushonwa kwa cherehani kutoka mbele, kwenye mfereji wa mshono, bila sindano ya mkono kabisa.

Mapande yaliungwa matatu matatu kuwa safu nne, kisha safu zikaunganishwa. Kwa mishono hiyo mirefu ya inchi 36 meza ya pili, ya kimo kilekile, iliwekwa kushoto kwa cherehani ili kitambaa kisianguke na kumvuta mkono. Pindo lilihitaji kanda 5 za inchi 2½ zilizounganishwa kwa mshazari na kukunjwa katikati. Lilishonwa kwanza upande wa bitana, likageuzwa mbele na kumaliziwa kwa cherehani.

Matokeo

Kwilti ya mtoto ilikamilika baada ya miezi mitano. Haikufika kilo moja. Vipimo vya mkono wa kushoto havikuzidi vya siku ya kwanza kwa zaidi ya sentimita moja, na wiki mbili vilipopanda vilishuka tena baada ya mapumziko ya siku nne. Alichomwa na sindano mara moja, mwezi wa pili. Kidole kilioshwa kwa sabuni, kikafungwa, na hakikuleta shida. Muda wa kila kikao ulipanda hadi dakika 25 kufikia mwezi wa tatu. Ganzi ilipungua viganjani na nyayoni, lakini ncha za vidole vya shahada zilibaki vilevile.

Kwilti kubwa ilitolewa mfukoni. Bandi zilifumuliwa na tabaka zikatenganishwa, kisha uso ukafumuliwa kwenye mistari ya mishono yake na kugawanywa robo nne, kila moja takribani inchi 45 kwa 50. Mbili zimekamilika kama mablanketi ya peke yake. Vidoa vya damu kwenye bitana havikutoka, kwa kuwa vilikuwa vimefuliwa kwa maji ya moto. Damu hutoka kwa maji baridi na sabuni kabla haijakauka. Sehemu hiyo ya bitana ilikatwa.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi kuliko vyote ni kupunguza ukubwa wa kipande kinachoshikwa. Soksi ya kubana, mazoezi na saa ya simu vilisaidia, lakini kwa maoni yetu vingeshindwa vyote kama angerudi kwenye kwilti ya inchi 90 na nidhamu yake nzuri. Washonaji wanaorudi baada ya maradhi huanza na kazi waliyoiacha, kwa sababu inauma kuiona haijaisha. Mara nyingi ndiyo isiyowafaa kuliko zote: ni kubwa, imefikia hatua ya uzito, na ilipangwa kwa mwili mwingine.

Kuacha kwa saa badala ya kwa maumivu kulikuwa sahihi kwa mtu huyu hasa. Kwa mwenye yabisi ya viungo ambaye vidole vyake vinahisi vizuri, maumivu yangeweza kuwa kipimo. Kwa mwenye ganzi, hayawezi.

Kumpa fundi kazi ya kukata kulifanikiwa baada tu ya kumpa kipimo kigumu na idadi ya tabaka. Fundi hakufanya vibaya. Alikata kwa kiwango cha kazi anayoijua. Anayegawa kazi ya kwilti kwa asiyeishona lazima aseme kosa linaloruhusiwa ni kiasi gani, na hapa lilikuwa upana wa uzi mmoja au nyuzi mbili tu.

Glavu za mpira zilijaribiwa kwa mkono wa kushoto kuzuia michomo na zikaachwa wiki ya kwanza. Zilileta jasho na ziliondoa hata ile hisia kidogo iliyobaki. Subana ya ngozi kwenye kidole cha shahada, pamoja na kijiti, ilitosha. Kushona kwa mkono kuliachwa kabisa, na Bi M. anahuzunika waziwazi kwa hilo, kwa sababu mishono midogo ya mkono ndiyo aliyosifiwa nayo. Hakuna namna ya kuirudisha kwa usalama maadamu ncha za vidole hazijarudi.

Upungufu uliobaki uko upande wa kulia. Orodha ya kazi na viungo iliangalia zaidi mkono wa kushoto, na kishikio cha kuzungushia kiliuhamishia mkono wa kulia kazi yote. Mwezi wa nne bega la kulia lilianza kuuma baada ya vikao vya dakika 25. Kiti kiliinuliwa kwa mto mgumu ili kiwiko kikae chini ya bega wakati wa kuzungusha, na siku za kushona zimepangwa zisifuatane. Robo ya tatu ya kwilti kubwa imesimama hadi bega hilo lipimwe.